Dawa ya Nywele: Uchambuzi wa Majina ya Mitindo ya Nywele ya Miaka ya 1980 katika Ukanda wa Dhahabu

1. Utangulizi

Wahenga walisema: kinyozi hajinyoi. Sisi tunaoshughulika na istilahi tumekuwa kama kinyozi huyo kwa muda mrefu. Tumewatafutia wengine maneno ya sheria, ya benki, ya hisabati na ya kilimo. Walakini maneno yanayohusu vichwa vyetu wenyewe tumewaachia wasusi na vinyozi, tukidhani kwamba hayo ni mambo ya urembo yasiyostahili kalamu ya mtaalamu.

Makala haya yanakusudia kurekebisha kosa hilo kwa kiasi. Tutayachambua majina ya mitindo ya nywele yaliyovuma katika miaka ya 1980, hasa katika ukanda unaoanzia Shinyanga mjini na Maganzo, ukapita Kahama na Kakola, ukaishia Geita, Nyarugusu na Katoro. Tutaonyesha kwamba mengi ya majina hayo yanaweza kusimama mbele ya kanuni zetu bila aibu, hata yale yaliyotoka ugenini. Aidha, tutaonyesha kwamba neno moja, ambalo kwa sura ni Kiswahili safi na halijapata kulalamikiwa na mtu, ndilo linalostahili kutiliwa shaka kuliko yote. Neno hilo ni "dawa".

2. Muongo wenyewe na mahali penyewe

Haifai kuyapima maneno bila kujua yalikotoka. Katika miaka ya mwanzo ya 1980 nchi yetu ilikuwa katika dhiki. Vita vya Kagera vya 1978 na 1979 vilikuwa vimemaliza fedha za kigeni, na sabuni, mafuta na nguo vilitafutwa kwa foleni. Mwaka 1983 ilifanyika kampeni kubwa dhidi ya wahujumu uchumi. Mwaka uliofuata Serikali iliruhusu watu wenye fedha zao za kigeni kuagiza bidhaa kutoka nje, na mwaka 1985 Rais Ali Hassan Mwinyi alishika uongozi, akapewa na wananchi jina la Mzee Ruksa. Pamoja na mitumba na redio, bidhaa za nywele nazo ziliingia.

Katika ukanda tunaouzungumzia kulikuwa na jambo la ziada, nalo ni madini. Mwadui, mgodi wa almasi ulioanzishwa na John Williamson mwaka 1940, ulikuwa tayari na historia ndefu ya mishahara na maduka. Geita, ambayo wakati huo ilikuwa wilaya katika Mkoa wa Mwanza na ambayo ilifanywa mkoa mwaka 2012, ilikuwa imeachwa na mgodi wake wa zamani uliofungwa mwaka 1966. Badala yake walikuja wachimbaji wadogo. Bulyanhulu, katika Wilaya ya Kahama, walianza kuchimba katika miaka ya 1970, na wimbi hilo likaongezeka katika muongo uliofuata.

Machimboni hakuna kabila moja. Aliyetoka Kagera hukaa jirani na aliyetoka Kigoma, Mara, Tabora au Singida, nao wote wapo katikati ya Wasukuma. Lugha inayowaunganisha ni Kiswahili, na kwa hiyo kila kitu kipya hakina budi kupata jina la Kiswahili upesi. Shimo la mchimbaji likaitwa duara. Mashine ya kusagia mawe ikaitwa karasha. Mwalo, ambao kwa wavuvi wa Ziwa Viktoria ni mahali pa kutia mitumbwi, ukahamia kwenye dhahabu ukawa mahali pa kuoshea mchanga. Hakuna kamati iliyokaa kuyapitisha maneno hayo, na yote yanafanya kazi. Hivyo hivyo neno sungusungu, ambalo asili yake ni jina la mdudu chungu, lilipewa vikundi vya ulinzi vya vijijini vilivyoibuka katika sehemu za Kahama na Shinyanga mwanzoni mwa miaka ya 1980, na kutoka huko likaenea nchi nzima.

Mahali penye mazoea ya kuunda maneno namna hiyo, penye fedha ya ghafla, na penye vijana wengi walio mbali na wazazi wao, hapakosi mitindo ya nywele wala majina yake.

3. Majina yaliyozaliwa nyumbani

Tuanze na twende kilioni. Huu ni msuko unaojulikana kotekote nchini, ambao msusi hupeleka mistari yote nyuma bila mapambo. Husukwa upesi, na kwa hiyo humfaa mtu aliyeitwa msibani ghafla. Jina lenyewe ni sentensi nzima, na mtaalamu wa istilahi akilisikia kwa mara ya kwanza hukunja uso. Atasema kwamba istilahi bora ni nomino moja, fupi, inayokubali viambishi. Kwamba sentensi haina wingi, wala haiwezi kuzaa neno jingine.

Hoja hiyo ni nzuri darasani, lakini Kiswahili hakiifuati sana. Mtu asiye na akili timamu huitwa hamnazo, na hilo ni sentensi. Hatua za mwisho za mashindano huitwa lala salama. Biashara ya kubadilishana papo kwa papo huitwa nipe nikupe. Lugha yetu inapenda kuchukua maneno yaliyosemwa na watu na kuyafanya jina, kama inavyofanya kwenye kanga. Tena jina la twende kilioni linaeleza jambo ambalo istilahi ya kitaalamu isingeweza kulieleza kwa maneno machache: namna ya msuko, muda wake, na wakati unaofaa. Juu ya hayo, linatukumbusha kwamba nywele kwetu zilikuwa na adabu yake. Kichwa cha kwenda msibani sicho kichwa cha kwenda harusini. Tungepewa kazi ya kulibadilisha jina hili, tungekataa.

Jina la pili ni denge. Hili ni la zamani sana. Frederick Johnson aliliandika katika kamusi yake ya mwaka 1939, kwa maana ya kunyoa kichwa na kuacha kishungi utosini. Walioishi miaka ya mwisho ya 1980 watakumbuka mtindo wa panki, ambao pande za kichwa hupunguzwa sana na nywele za juu huachwa. Panki ni neno la Kiingereza lililotoholewa, nalo lilitokana na vijana wa Uingereza wa miaka ya 1970 waliokuwa na muziki wao na uasi wao. Hapa mkosoaji anaweza kuuliza kwa haki: kwa nini watu waliazima panki wakati denge lilikuwapo?

Jibu letu ni kwamba maneno mawili hayo hayasemi jambo moja, ingawa wembe ulipita mahali pamoja. Denge lilikuwa neno la nyumbani. Panki lilikuwa neno la kijana anayetaka kuonekana ametoka kwao. Neno la kuazima lilibeba ugeni wenyewe, na ugeni ndio uliokuwa ukinunuliwa. Hata hivyo, denge halikufa. Lingali likisikika kwa vinyozi, na tunashauri kwamba kamusi zetu ziyaweke maneno hayo mawili yakielekezana, ili msomaji ajue kwamba jambo lililodhaniwa kuwa jipya lilikuwa na babu yake Uswahilini.

Hatuna budi kutaja pia jozi ya vitenzi ambayo ndiyo uti wa mgongo wa ususi: kusuka na kufumua. Kusuka ni kwa nywele, kwa mikeka, kwa kamba na kwa mipango. Kufumua ni kurudisha vyote hivyo hali ya mwanzo. Ndani ya jozi hiyo mna ukweli wa kiufundi. Kinachosukwa chaweza kufumuliwa, na nywele hubaki zilivyokuwa. Tulishike jambo hilo, maana tutalihitaji mbele.

4. Majina yaliyokuja na mkebe

Kabla ya kufika kwenye kalikiti, tukumbuke onyo la historia. Mwezi Oktoba 1968 Umoja wa Vijana wa TANU ulipitisha azimio la kupiga vita sketi fupi, suruali za kubana, mawigi na vipodozi vya kujichubua, utekelezaji uanze tarehe 1 Januari 1969. Kampeni hiyo iliitwa Operesheni Vijana. Msomaji makini ataona kichekesho kilichomo: vita dhidi ya desturi za kigeni vilipewa jina ambalo nusu yake ni neno la kigeni. Tena, ingawa mawigi yaliandamwa, neno wigi halikuondoka midomoni mwa watu, na leo ni Kiswahili kama maneno mengine. Funzo ni kwamba amri yaweza kukiondoa kitu barabarani kwa muda, lakini haina nguvu juu ya jina lake.

Katika miaka ya 1970 mtindo uliotawala ulikuwa afro. Nywele ziliachwa zikue, zikachanwa kwa chanuo lenye meno marefu mpaka zikawa kama taji. Neno hili lilitoka kwa Wamarekani weusi, na kwao lilikuwa tamko la fahari. Kwa mtazamo wa istilahi ni jina linalokubalika: ni fupi, linatamkika, na linataja bara letu.

Kisha ikaja kalikiti. Huko Marekani, Jheri Redding alikuwa ameunda njia ya kulegeza nywele za kipilipili kwa kemikali na kuziviringa upya zikawa na mawimbi makubwa yanayong'aa. Karibu na mwaka 1980 kampuni ya Pro-Line ya Comer Cottrell ilianza kuuza pakiti ya kufanyia kazi hiyo nyumbani kwa bei nafuu, ikaiita Curly Kit. Picha za Michael Jackson wa wakati wa "Thriller", santuri iliyotoka mwaka 1982, na za Lionel Richie zilifanya matangazo yaliyobaki. Pakiti ilipofika kwetu, jina la kibiashara likawa jina la mtindo: kalikiti.

Wapo watakaosema kwamba jina la bidhaa lisipewe heshima ya kuwa istilahi. Hatukubaliani nao. Neno kalikiti limefuata sauti zetu barabara, kila konsonanti na irabu yake. Lina historia inayoeleweka. Linataja mtindo mmoja wa wakati mmoja, wala haligombani na neno jingine. Mtu akisema "picha ile ni ya enzi za kalikiti", kila aliyeishi wakati huo ataona kola iliyolowa mafuta na foronya iliyopata madoa, maana nywele zile zilitaka kunyunyiziwa mafuta kila siku. Lingewekwa mahali pake tungo kama "nywele za mawimbi ya kikemikali", tungepata maelezo sahihi, na hakuna ambaye angeyatumia. Neno la kitaalamu nalo laweza kuenea kwa wananchi, kama makinikia lilivyoenea mwaka 2017 wakati Serikali ilipozuia usafirishaji wa mchanga wa madini uliotoka Bulyanhulu na Buzwagi. Lakini lilienea kwa sababu jambo lenyewe lilikuwa halina jina jingine midomoni mwa watu, na lilikuwa linagusa mali yao. Kalikiti tayari lilikuwa na jina.

Jambo moja tu tunaliongeza. Sikio la Mswahili likisikia kalikiti husikia pia neno "kali". Hatusemi kwamba ndiko jina lilikotoka. Lakini ni sadfa yenye maana, kwani vitu vilivyokuwa ndani ya pakiti hiyo vilikuwa vikali kweli.

5. Neno "dawa"

Sasa tumefika penye shabaha yetu. Pita leo katika saluni za Katoro, Kahama au Shinyanga mjini, usome ubao wa bei. Utakuta kusuka, kuosha, na kuweka dawa. Dawa hiyo ni krimu ya kunyooshea nywele. Mwanamke aliyeitumia husemwa kwamba nywele zake zina dawa. Asiyeitumia husemwa kwamba nywele zake hazina dawa.

Kabla ya kulaumu, ni haki kumsikiliza mtetezi wa neno hili. Atatuambia kwamba katika Kiswahili dawa si ya mgonjwa peke yake. Kuna dawa ya meno, dawa ya viatu, dawa ya mbu, dawa ya panya. Mkulima wa pamba wa Shinyanga hupulizia shamba lake dawa, na mfugaji huogesha ng'ombe wake kwa dawa ya kupe. Kwa hiyo dawa ni kitu chochote kilichotengenezwa ili kifanye kazi fulani juu ya kitu kingine, na dawa ya nywele si ajabu.

Hoja hii ina nguvu, na inatulazimu kutazama kwa makini zaidi. Tukiipanga mifano hiyo tutaona mafungu mawili. Fungu la kwanza ni dawa ya meno na dawa ya viatu: kinachotajwa baada ya "ya" ndicho kinachohudumiwa na kutunzwa. Fungu la pili ni dawa ya mbu, dawa ya panya na dawa ya kupe: kinachotajwa ndicho adui anayekusudiwa kuangamizwa. Je, dawa ya nywele ipo fungu gani? Msusi atasema la kwanza. Kemia inasema jambo jingine.

Krimu nyingi za kunyoosha nywele zimetengenezwa kwa haidroksaidi ya sodiamu, ile kostiki soda ambayo watengenezaji wa sabuni huishika kwa tahadhari kubwa. Zile za kalikiti zilitumia chumvi za asidi ya thioglaikoliki, zenye ukali mdogo kidogo. Kazi yake ni kuvunja vifungo vilivyomo ndani ya keratini, yaani kitu kinachoufanya unywele uwe na umbo lake. Vifungo hivyo vikishavunjwa na kostiki, havirudi. Hapa ndipo tunapokumbuka kufumua: nywele zilizosukwa hufumuliwa, lakini nywele zilizotiwa "dawa" hazina kitenzi cha kuzirudisha, hungojewa zikue nyingine. Krimu ikikaa kupita muda huunguza ngozi ya kichwa. Mwezi Oktoba 2022 watafiti wa Taasisi za Taifa za Afya za Marekani, waliofuatilia wanawake 33,497, walitangaza kwamba waliotumia vinyoosha nywele zaidi ya mara nne kwa mwaka walipata saratani ya mfuko wa uzazi kwa kiwango kinachozidi mara mbili ya wasiotumia. Uhusiano wa namna hiyo si uthibitisho kwamba krimu ndiyo sababu, na watafiti wenyewe hawakudai hivyo. Lakini si jambo la kupuuzwa.

Linganisha na neno walilotumia mama zetu kabla ya krimu. Kitana cha chuma kilipowekwa kwenye makaa na kupitishwa kichwani, kazi hiyo iliitwa kuchoma nywele. Tazama uaminifu wa neno hilo! Halikuficha moto. Msichana aliyekwenda kuchomwa nywele alijua kwamba sikio lake lipo hatarini, akakaa kimya asitikisike. Anayekwenda kuwekewa dawa anadhani kwamba anatibiwa. Na ikiwa anatibiwa, basi alikuwa mgonjwa. Na ugonjwa wenyewe ni nywele alizozaliwa nazo. Ndiyo maana husemwa "nywele ngumu" na "nywele nzuri", kama kwamba kipilipili ni maradhi na singa ni afya. Neno afro la miaka ya 1970 lilikuwa limeyakanusha hayo kwa sauti kubwa. Neno dawa la miaka ya 1980 likayarejesha kwa upole, na upole huo ndio unaolifanya lisitambulike.

Isitoshe, neno hili sasa linapingana na mpangilio wa sheria. Tangu mwaka 2019 usimamizi wa vipodozi umekuwa chini ya Shirika la Viwango Tanzania, na iliyokuwa Mamlaka ya Chakula na Dawa ikabaki na dawa na vifaa tiba. Kwa hiyo kile ambacho saluni inakiita dawa, Serikali inakiita kipodozi. Mteja aliyeungua akitaka kujua apeleke wapi malalamiko yake, neno alilofundishwa litampotosha njia.

6. Mapendekezo

Kwa kuzingatia hayo, tunapendekeza yafuatayo:

(a) Majina ya mitindo, yaani twende kilioni, denge, panki, afro na kalikiti, yaingizwe katika orodha za istilahi za ususi kama yalivyo, kila moja na maelezo ya mtindo na wakati wake. Yasibuniwe mengine badala yake.

(b) Katika vitabu vya mafunzo, katika vyuo vya ufundi stadi na katika maelezo ya matumizi yanayobandikwa kwenye makopo, krimu ya kunyoosha nywele isiitwe dawa. Iitwe kinyooshi, kutokana na kunyoosha, kama kifutio kinavyotokana na kufuta. Neno hili ni fupi, linatamkika, lina wingi wake vinyooshi, na linasema kazi inayofanyika bila kuisifu wala kuilaani.

(c) Kuchoma nywele kubaki na maana yake ya kitana cha moto, na kuandikwa hivyo bila kusafishwa.

Hatutegemei kwamba ubao wa saluni ya Katoro utabadilika kesho. Tumekwisha kuona jinsi neno wigi lilivyoishi baada ya Operesheni Vijana, na hatutaki kurudia kosa la kudhani kwamba mdomo wa mtu huendeshwa kwa azimio. Mteja na aendelee kusema dawa akipenda. Walakini binti anayejifunza kazi ya ususi, ambaye ndiye anayeishika krimu hiyo kwa vidole vyake kila siku, ana haki ya kukuta katika kitabu chake neno lisilomdanganya. Istilahi haiwezi kuzuia kostiki isiunguze; yaweza tu kumwambia mtu kwamba anachokishika si dawa.

Wasusi na vinyozi wa Shinyanga, Geita na kwingineko wanaombwa watuletee majina mengine ya mitindo ya miaka hiyo, pamoja na maelezo yake, kabla wenye kuyakumbuka hawajatutoka. Ukiona mwenzako ananyolewa, zako tia maji. Nasi tumekwisha kuona majina mengi yakinyolewa na wakati.